Siku Baba Alipogawa Majembe

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kichwani kila mvua ya kwanza inapopiga mabati ya mtaa wetu wa Katuba: siku baba yangu alipogawa majembe yetu yote mbele ya watu, huku akicheka. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, si kabla wala baadaye. Wala sijaona furaha nyingine iliyotuletea njaa kwa haraka vile.

Juzi uliniuliza swali la chuo kikuu, ukadhani sikulisikia kwa sababu nilikuwa napanga bitoyo, samaki wangu wa chumvi, juu ya meza. Ulisema, "Kambo, université inasaidia kintu?" Ukanitajia rafiki yako anayeuza vioo vya simu mjini, ambaye tayari ana pikipiki. Ukanitajia na yule kijana wa parsele ya pili, ua wa pili kutoka wetu, mwenye diploma yake, anayeshinda kizingitini akiangalia magari yakipita. Niliendelea kupanga samaki. Mimi ni kambo yako, mama wa mama yako, na kambo akinyamaza usidhani amekosa jibu. Anatafuta pa kuanzia. Leo nimepapata, kwa hiyo kaa chini, na hiyo simu uiweke mfukoni.

Baba yangu, Banza, alikuwa mtu wa reli. Alitoka kaskazini, huko Kamina, akaletwa mjini na kazi, na hapa Katuba akajenga, akaoa, akazeeka. Alikuwa mtu wa misa ya asubuhi na viatu vilivyopigwa rangi. Lakini mshahara wa reli ulinunua sabuni, nguo na shule tu. Bukari, ugali wetu, ilitoka shambani. Shamba letu lilikuwa ng'ambo ya mto Naviundu, pale ambapo leo ukienda utaona nyumba na vibanda vya mkaa. Wakati wa mvua, kila Jumamosi, tulivuka mto sote na majembe begani, baba akiwa mbele. Mahindi, maboga, karanga. Hatukuona aibu hata kidogo, maana jiji zima lililima, hata makarani waliovaa tai siku za kazi. Ukikutana na karani njiani ana matope magotini, unamsalimia tu, naye anakusalimia.

Kaka yangu mkubwa aliitwa Anselme. Sisi wadogo tulimwita Yaya Anselme, maana yaya kwetu ni ndugu mkubwa. Alikuwa na kichwa, nakwambia ukweli. Alisomea mambo ya miamba na madini katika chuo kikuu, na sisi tulibana kila kitu ili asome. Mama alivaa kitambaa kimoja mpaka maua yake yakafutika. Na wakati ule, elewa vizuri, baba hakuwa mjinga kutumaini. Kampuni kubwa ya shaba ilikuwa ikiwachukua vijana wa namna ya Anselme kabla hata hawajamaliza. Tuliona kwa macho yetu. Gari linasimama mlangoni, kijana anatoka na sanduku, na mwezi unaofuata unasikia amepewa nyumba yenye maua upande wa Karavia, mtaa wa wakubwa. Nani asingetumaini?

Basi siku Yaya Anselme alipotetea kazi yake ya mwisho mbele ya jury ya walimu, akafaulu, parsele yetu ilijaa mpaka barabarani. Unaijua desturi yetu: aliyefaulu anamwagiwa poda. Walimmwagia mpaka akawa mweupe, nywele, kope, suti, viatu. Akina mama wakampokea kituoni, wakamleta kwa nyimbo, watoto wakimkimbilia ili nao wapakwe kidogo. Mbuzi alichinjwa. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ilikuwa imelala ndani ya vyombo tangu jana yake, tamu, yenye kupanda kichwani polepole.

Ndipo baba akapanda juu ya kiti.

"Bantu ya Katuba, musikie!" alisema. "Shamba yangu ya kwanza ilikuwa kule ku Naviundu. Shamba yangu ya pili njo huyu! Kuanzia leo, hakuna muntu wa hii nyumba atashika tena jembe!"

Watu wakapiga makofi. Baba akaingia ndani, akatoka na majembe, akaanza kuyagawa, hili kwa huyu, hili kwa yule. Shamba lenyewe alimpa jirani yetu, Papa Donatien, aliyekuwa na watoto wengi na ardhi ndogo. Papa Donatien alipokea huku akiangalia kando, kama mtu aliyepewa zawadi kubwa kuliko haki yake. Mimi nilikuwa msichana wa shule, nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Mama hakupiga. Mama alikuwa anakusanya sahani, na alipopita karibu nami alisema kwa sauti ya chini:

"Anselme njo alipita mbele ya jury. Tumbo zetu hazikupita."

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini jaribu wewe kumwambia hivyo baba aliyesimama juu ya kiti siku mwanawe amefaulu. Hata padri asingeweza.

Mwaka ule ule kampuni ilianza kukohoa. Sisi watu wadogo hatukujua ugonjwa ulianzia wapi. Tuliona tu kwamba magari yaliacha kusimama kwenye milango. Waliokuwa ndani walianza kutolewa, sembuse walio nje. Reli nayo ikawa inalipa leo, kesho hailipi. Mvua ikaja. Jumamosi asubuhi tuliwaona jirani zetu wakipita na majembe, mengine nikiyatambua kwa mpini, na sisi tukabaki nyumbani tumevaa viatu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo watu wengi hukosea wanaposimulia habari za wasomi wasio na kazi. Husema, "Wasomi ni wavivu, wanataka kiti tu." Yaya Anselme hakuwa mvivu. Mke wa Papa Donatien alikuja kumwomba awafundishe watoto wake hesabu. Alikubali mara moja. Baba ndiye aliyekataa, maana mwanawe alikuwa mhandisi sasa.

"Ingénieur hafundishake batoto mu parcelle," baba alisema. "Bantu batasema nini?"

Siku nyingine Anselme alikuwa anatoka bombani na bidoni ya maji. Baba alimkuta njiani, akamnyang'anya, akaibeba mwenyewe, mzee wa reli na kofia yake, huku kijana mwenye nguvu akitembea nyuma mikono mitupu. Fundi mmoja wa kujenga alimwita amsaidie kupima msingi wa nyumba. Baba akakataa tena. Alimchunga mwanawe kama sahani ya harusi, ile inayokaa kabatini mpaka mgeni mkubwa aje. Na mgeni mkubwa hakuja.

Jumapili baada ya misa ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Watu walimsalimia kutoka mbali: "Ingénieur! Gari njo inakuya lini?" Hawakumcheka, usifikiri hivyo. Walikuwa wanangoja pamoja nasi. Mjomba mmoja alikuwa amejiahidi mabati kutoka mshahara ambao haujaanza. Binamu alikuwa amejiahidi ada ya shule. Mimi pia nilijiahidi viatu vyenye kisigino, sina haja ya kukuficha. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na sisi ukoo mzima tulikuwa tumepanga mstari nyuma ya kijana mmoja.

Na kila jioni baba aliuliza, "Hakuna habari?"

"Bado, Papa."

Ndivyo ilivyokuwa, jioni baada ya jioni, mpaka lile neno "bado" likawa linatoka kinywani mwa kaka yangu kabla baba hajamaliza kuuliza.

Kisha akaanza kusema neno jingine. Tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, bukari kidogo na matembele ambayo mama alikuwa ameyapanda kwa siri kati ya choo na ukuta, kwa sababu mama hakuwa mtu wa kungoja magari. Tukizunguka sahani, Yaya Anselme anaingia, ananawa uso, anasema, "Mukule tu. Miye nilishakula kwa camarade." Anaenda chumbani. Tuliamini kwamba rafiki fulani amemlisha. Chakula kikiwa kidogo, mwanangu, yule anayekikataa hagombezwi sana. Unasogeza mkono wako upande wake wa sahani, na unashukuru kimoyomoyo.

Siku moja nikiwa napanga nguo nikaona mfuko chini ya kitanda chake. Ndani kulikuwa na mashati na viatu vya kutembelea. Suti ilikuwa imebaki msumarini. Nilielewa papo hapo. Vijana kadhaa wa mtaa wetu walikuwa wameondoka vile, kuelekea mpakani, asubuhi moja kitanda kitupu na baada ya hapo kimya. Kulikuwa na mama mmoja barabara ya tatu ambaye bado alikuwa anatoka nje kila basi la mpakani, la Kasumbalesa, lilipoingia, akiangalia wanaoshuka. Nilipomfikiria mama yangu amesimama pale karibu na yule mama, niliurudisha mfuko nikaenda kumtafuta kaka yangu.

Nilimuuliza Anselme. Hakukana.

"Usiambie Mama," alisema. "Miye nikienda, bantu bataacha kuuliza. Na Papa ataacha kusikia haya."

"Utarudi lini?"

Aliangalia ukuta. "Ninatoka siku ya kwanza," akasema, yaani Jumatatu, na swali langu akaliacha lilivyo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Jumamosi ya kabla yake, treni ya kutoka kaskazini ilimshusha shangazi yetu Adolphine, dada mkubwa wa baba, na mafuta ya mawese na kapu la mikebuka, wale samaki wakavu wa ziwani ambao harufu yao hufika mlangoni kabla ya mbebaji. Ninyi watoto wa siku hizi mnamwita shangazi "tantine", mnamwomba peremende. Kwetu sisi Waluba shangazi ni baba mwanamke, na hivyo ndivyo tulivyomwita. Ni baba kamili aliyevaa kitambaa. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kumkemea baba yangu naye asijibu, na mtu huyo alikuwa amefika akiwa na vumbi la treni na njaa ya safari.

Nilimsaidia kusafisha samaki nje ya jiko. Sikuweza kujizuia. Nilimwambia habari za mfuko. Hakusema kitu, aliendelea kutoa magamba, ila kisu kikawa kinakwenda polepole.

Mchana tukaketi. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nyumba yetu ilinukia chakula cha watu. Yaya Anselme akaingia, akainama, akampigia baba mwanamke makofi madogo ya heshima.

"Kuya tukule, baba," shangazi alimwambia, akimkaribisha kula, maana akimpenda mtoto humwita hivyo.

"Aksanti, baba mwanamuke. Nilishakula kwa camarade."

"Ulikula nini?"

"Bukari na samaki."

"Leta mukono."

Akampa, akidhani anasalimiwa. Shangazi aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akauinua mpaka puani, akaunusa. Alinusa kidole kimoja kimoja, bila haraka, na sisi wote tumeacha kutafuna. Wewe unawajua samaki wetu. Utanawa kwa sabuni, utanawa kwa majivu, kesho yake vidole bado vinakusema. Nimesikia mara nyingi kwamba mkono mtupu haulambwi, lakini siku ile niliona mkono mtupu ukinuswa, na ilikuwa vibaya zaidi.

"Huu mukono inanukia sabuni tu," shangazi alisema. "Na jana?"

Anselme alijaribu kuuvuta mkono.

"Na juzi?"

Mama aliweka tonge lake chini. Shangazi naye alirudisha mikono yake mapajani, hakugusa chakula, akamgeukia baba.

"Banza. Nilisikia ulitoa shamba."

"Nilitoa, yaya."

"Juu ya nini?"

"Juu mutoto alimaliza masomo."

"Sasa munalima wapi?"

Baba alisogeza sahani isiyohitaji kusogezwa.

"Miye nitakuambia," shangazi alisema, na hakupandisha sauti hata kidogo. "Munalima huyu. Asubuhi munamuangalia kama ameota. Magaribi munamuangalia tena. Shamba ya udongo, muntu akiona imechoka, anaiacha inapumuzika. Huyu hamukumupumuzisha hata siku moja. Mpaka anaogopa kula mbele yenu. Masomo haikumuharibu, Banza. Ni macho yenu."

Kisha kwa Anselme: "Na weye, ule mufuko ya chini ya kitanda. Kama unaenda, uende mwangaza, na baraka ya baba yako. Muntu anatokaka kwao kwa mulango. Hatokake sawa moshi."

Baba aligeuka kumtazama mwanawe. Hakuwa anajua habari za mfuko. Mama aliziba mdomo kwa kitambaa. Na Yaya Anselme, ambaye sikuwahi kumwona akilia tangu alipoanza kuvaa suruali ndefu, alilia.

"Miye nilitaka tu kutumika kazi," alisema. "Hata kubeba maji. Papa anakataa."

Baba aliinuka akatoka nje. Niliogopa. Nilidhani amekasirika, kwamba atapotea mpaka usiku na nyumba itagawanyika. Tulisikia bidoni ikiinamishwa, maji yakimiminika. Akarudi na birika na beseni.

Kwetu, mwanangu, mdogo ndiye humwagia mkubwa maji ya kunawa. Mtoto husimama, mzee huketi. Sijui kama huko shuleni wanawafundisha bado. Baba yangu, mzee wa reli, alipiga magoti kwenye mkeka mbele ya mtoto wake na kumwagia maji mikononi. Maji mengine yakakosa beseni, yakalowesha mkeka, na hakuna aliyeyafuta.

"Kula," alisema. "Ulikuwa mutoto wangu kabla ya kuwa ingénieur wangu."

Mama alikwenda jikoni, ingawa jikoni hakukuwa na kitu tena cha kuchukua. Anselme alikula. Alikula samaki mzima mpaka kichwa, na mimi niliacha kula ili nimtazame, na nikajisikia mwenye furaha kupita siku ile ya poda na mbuzi.

Jumatatu hakwenda popote. Mfuko mama aliufungua mwenyewe, akayapiga mashati pasi upya ingawa hayakuwa na kosa. Baba alivaa kofia yake akaenda kwa Papa Donatien, si kudai shamba, maana neno lililotoka juu ya kiti halirudi, bali kuomba kipande kidogo karibu na mto. Alipita barabara kubwa, mchana kweupe, kila mtu amwone. Nadhani ile ilikuwa safari ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, na alikuwa mtu wa reli. Papa Donatien alicheka, akaingia ndani, akatoka na jembe.

"Banza," alisema, "yako nilikuwa ninakuchungia tu."

Tangu siku hiyo, asubuhi Anselme alilima na baba. Mchana aliwafundisha watoto wa mtaa uani, kwenye mlango wa zamani aliopaka rangi nyeusi. Watu walisema walichosema. Walichoka.

Utaniuliza: na kazi je? Nakuona unavyotaka kuniuliza. Kazi ilikuja baadaye, kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Mmoja wa wale watoto, baba yake alikuwa dereva wa watu waliokuwa wakitafuta madini katika mashimo ya zamani. Siku moja walihitaji mtu wa kusoma ramani za miamba, na dereva akasema, "Kwetu iko mumoja, anafundisha mutoto wangu." Walikuja uani wakamkuta na chaki mkononi. Waliomba diploma, aliwaonyesha, wakamchukua. Bila ile diploma wangemsalimia tu na kupita. Bila wale watoto, wasingejua anakaa wapi. Na kama angekuwa amevuka mpaka na mfuko wake, diploma ingebaki na mama, na mama angebaki barabarani.

Nyumba ya Karavia hakuipata. Alitumika miaka mingi kwenye vumbi, akajenga hapa hapa Katuba, na leo ana mvi, anafuga kuku, na anabishana na redio. Wenzake wa mwaka ule? Mmoja alikwenda Ulaya, ana mali, tunamsikia tu kwenye vilio, palipo na msiba. Mwingine lutuku, pombe kali ya kienyeji, ilimmaliza, diploma yake imetundikwa ukutani kwa dada yake. Aliyekuwa wa mwisho darasani, yule waliyemcheka, alitajirika mapema, akafilisika mapema, akatajirika tena. Kutangulia si kufika. Ukinitaka nikupe kanuni ya nani atafanikiwa, sina, na anayekuambia anayo muangalie mfukoni, labda anauza kitu.

Mimi sikwenda chuo. Zamu yangu ilipofika hakukuwa na uwezo tena, nikaingia sokoni na bitoyo. Nimewalea mama yako na ndugu zake kwa samaki, na meza yangu naiheshimu. Lakini nitasema wazi: nilimwonea wivu Yaya Anselme, na hata leo namwonea kidogo. Walipokuja watu wenye suti kununua mashamba ya ng'ambo ya mto, wazee walikuwa tayari kukubali. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekubali, maana walizungumza vizuri. Yaya Anselme ndiye aliyesimama katikati ya mkutano akauliza maji machafu ya kiwanda chao yatakwenda wapi, na akauliza tena walipozunguka, na akauliza mara nyingine. Nilikaa pale nikaona kwamba kuna maswali ambayo sikuyauliza kwa sababu sikujua kama yapo. Hapo ndipo niliposema moyoni, mabati na maua ya Karavia tuliyotafuta kwenye masomo yake yalikuwa kitu kidogo.

Kwa hiyo, mwanangu, swali lako nalijibu hivi. Kama kichwa chako kinataka chuo, nenda. Usiende kwa sababu mama yako anataka watu wamwite mama wa ingénieur, na usikatae kwa sababu ya pikipiki ya rafiki yako. Pikipiki nzuri, nami huipanda mgongo ukiniuma, lakini haiwezi kukuchagulia maisha. Ukienda, soma mpaka uelewe, si mpaka ufaulu tu. Ukipewa diploma usiiruhusu ikukataze kubeba maji. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kazi uliyoitazamia ikikosekana, shika iliyo mbele yako, watu wakuone ukitumika, kwa sababu mtu aliyejificha hata bahati humkosa. Na kama hutaki chuo, sawa, basi jifunze kitu kingine mpaka mwisho wake, usikae katikati ya njia unawacheka wanaopita.

Na ndugu zako wakianza kukutazama kila asubuhi kama wametia mbegu, waambie, kwa heshima lakini waambie. Wakishindwa kusikia, niite mimi. Bado nina sauti.

Neno hili mpelekee pia baba yako, maana najua anapanga sherehe kabla hujaingia hata darasani. Mwambie nimesema: msomeshe mtoto, mfurahie, lakini aendelee kulima la kwake. Ng'ombe hashindwi na nundu yake. Nundu ndiyo haiwezi kumbeba ng'ombe.

Haya, sogea nikushike kichwa. Mungu wetu, Vidye wa baba zetu, akupe akili inayokaa na mwili unaoamka. Wakambo zako waliolala kaskazini na waliolala hapa wakuondolee mawe njiani. Uende ukiwa umeshiba, usome ukiwa na amani. Na siku yoyote utakaporudi, na kazi au bila kazi, piga hodi kwa sauti kubwa, kama mtu aliye na kwao.